Re: Kwa nini Jumuiya ya kwanza ilivunjika?
Mkuu, umeuliza kwa nini Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 1967 ilikufa. Wengi wanamtupia Idi Amin wa Uganda lawama zote ila mi naona sio yeye peke yake, kweli alipopindua serikali 1971 Mwalimu Nyerere aligoma kabisa kukaa naye kikao kimoja, lakini ugomvi wa hela ulikuwepo tangu zamani, viwanda vingi viko Kenya, Tanzania na Uganda wanajiona wamekuwa soko tu. 1977 ndege za shirika la pamoja zikasimama, Tanzania ikafunga mpaka na Kenya hadi 1983. Babu yangu alikuwa fundi wa reli ya Jumuiya pale Tabora, kofia yake ya kazi aliitunza sandukuni mpaka anafariki, inauma sana aisee. Mkataba mpya wa Jumuiya ulikuja kusainiwa Arusha Novemba 1999.