Nyati wa maziwa na joto la Tanga: maswali yenu

Shikamoo Bwana Mifugo. Huku Mkwaja nyati wa hifadhi ya Saadani wapo jirani. Nikipata ndama wao nikamlea na ng'ombe wangu, si atazoea? (Mfugaji, Mkwaja)

Marahaba. Usithubutu. Huyo ni mnyamapori, analindwa na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009. Tena anaweza kubeba virusi vya ugonjwa wa miguu na midomo pamoja na vimelea jamii ya ndigana, ugonjwa unaoenezwa na kupe, mwenyewe yuko mzima, ng'ombe wako wanakwisha. Nyati wanaokamuliwa ni wengine kabisa: nyati wa maji, asili yao Asia.

Niliwaona Mumbai, wamefungwa kwenye saruji. Vijijini wanashinda matopeni. Si uchafu huo? (Baharia, Chumbageni)

Uchafu kwa macho yako, baharia. Ngozi ya nyati ni nyeusi, nywele chache, na matezi yake ya jasho ni machache kuliko ya ng'ombe. Joto analitoa kwa kulala majini, na tope likimkaukia mgongoni linakinga jua na nzi. Mnyime maji adhuhuri uone: anahema mdomo wazi, mate yanadondoka, pumba haigusi, maziwa yanapungua, na dalili za kutaka dume zinafifia hadi mwenye mali adhani ni tasa. Anayefuga bandani amchimbie bwawa au amwekee manyunyu. Ndoo moja ya saa saba mchana ukasema umemwogesha ni mzaha.

Nasikia India nyati huchomwa sindano ashushe maziwa. Na mimi nimchome ng'ombe wangu anayebana? (Mama Maziwa, Muheza)

Wapo wanaofanya hivyo, ila wewe usifanye. Kwa nyati, maziwa karibu yote yamo juu ndani ya kiwele, hayashuki mpaka mwili wake utoe homoni ya oksitosini. Akishtuka, akipigwa, akiguswa na mkono mgeni, anabana. Ndama wake akifa ndiyo kabisa. Na ndama dume hufa wengi, maana mwenye mali anaona kila lita anayonyonya ni hela iliyopotea. Kisha nyati mama akigoma, mwenye mali anakimbilia sindano ya homoni hiyo! Wa zamani walifanya ukatili zaidi: walimpulizia hewa ukeni, wakiita phooka. India iliupiga marufuku kwa sheria ya mwaka 1960.

Wewe osha kiwele kwa maji ya vuguvugu, kichue taratibu, mwekee pumba mbele, akamue mtu yuleyule saa zilezile. Na fimbo iache nje ya banda. Akiendelea kubana, mwite daktari wa mifugo amwangalie chuchu. Huenda ana maumivu.

Ile jibini ya nyati ya hotelini inatoka wapi? (Mpishi, Bagamoyo)

Ya asili ni ya Campania, Italia. Maziwa ya nyati yana mafuta kama asilimia 7 hadi 8, ndiyo maana yanafaa. Huko nako ndama dume ndiye mwenye shida: nyama yake haina soko kubwa.

Mimi sina nyati, nina ng'ombe wawili wa kisasa chini ya bati. Wanahema sana. (Pongwe)

Wanaungua hao. Tandaza makuti juu ya bati, bomoa ukuta wa upande unaoingia upepo wa bahari, na maji yasikauke kwenye karai: ng'ombe wa maziwa kipindi cha joto anaweza kunywa lita 60 na zaidi kwa siku. Majani mengi wape jioni na alfajiri. Wakihema hadi usiku, nipigie simu.