Mahindi yameota ukungu: tule, tuwape kuku au tutupe?

SWALI: Habari za kazi. Kaka yangu alinitumia magunia mawili ya mahindi kwenye fuso kutoka Kibaigwa, yakafika Dar mvua inanyesha, tukayalaza stoo chini kwenye sakafu. Juzi nafungua moja nakuta huku chini yameshikana mabonge, mengine yana vumbi la kijani hivi na yananuka uvundo. Jirani anasema niyaoshe, niyaanike, ugali ukiiva vizuri hakuna shida. Mume wangu anasema tuwape kuku. Nimsikilize nani?
Mama Wawili, Mbagala

JIBU: Mama Wawili, hapo usimsikilize hata mmoja, pole lakini ndo ukweli. Ukungu wenyewe ndo unaouona, ila tatizo ni sumu inayotengenezwa na huo ukungu, sumukuvu, na hiyo moto wa jikoni hauiwezi kabisa. Unachemsha, unasonga ugali mpaka mkono uume, kuvu inakufa lakini sumu inabaki palepale sufuriani. Ukiyaanika leo unazuia ukungu mpya, ile sumu iliyokwisha ingia haitoki na jua. Kuosha kunapunguza kidogo, kukoboa kunapunguza zaidi maana sehemu kubwa inakaa kwenye ganda na kiini, ila "kupunguza" kwa mahindi yaliyofikia kushikana mabonge sio kitu cha kumlisha mtoto.

Na sio maneno ya kutishana. Mwaka 2016 kule Dodoma na Manyara watu waliugua baada ya kula mahindi ya namna hii, wagonjwa 68 na 20 kati yao wakafariki: homa, matapishi, macho ya manjano, tumbo kujaa maji, ini linakataa kazi. Wenzetu Kenya mwaka 2004 walipoteza watu 125. Hao ni waliokula nyingi kwa mkupuo, ila ukila kidogo kidogo miaka na miaka nako kuna saratani ya ini, na mwenye homa ya ini aina ya B ndo hatari inazidi maradufu.

Sasa kuku. Baba watoto anaona atakuwa hajapoteza hela, namwelewa, gunia sio bei ndogo saivi. Lakini hii sumu yenyewe iligundulika kwa ndege, mwaka 1960 Uingereza bata mzinga zaidi ya laki moja walikufa wakilishwa mashudu ya karanga yenye kuvu. Kuku ni wagumu kidogo kuliko bata ila wanadumaa, mayai yanapungua, na ng'ombe ndo kabisa, sumu inapita mpaka kwenye maziwa, inarudi kwako kwa mlango wa nyuma. Pumba nazo hivyohivyo, usiseme unakoboa halafu pumba unawapa mifugo, maana sumu umeihamishia huko. Na asije mtu wa komoni akakuomba kwa bei ya kutupa, pombe nayo haiitoi.

Kwa hiyo gunia lililoota ukungu lifukie. Hilo la pili limwage lote kwenye turubai mchana kweupe, toa punje zilizobadilika rangi, zilizovunjika, zilizotobolewa na dumuzi, na zile nyepesi zilizosinyaa, kazi ya kuchosha lakini ndo inayosaidia kuliko zote, sababu sumu haikai sawasawa, punje chache tu zinaweza kubeba sehemu kubwa ya sumu ya gunia zima. Ukikuta na lenyewe linanuka uvundo, safari ni ileile. Likiwa safi, koboa, dona iache kwanza. Ila jua kwamba macho hayaoni sumu, uhakika kamili unatoka maabara tu, kiwango cha Afrika Mashariki hakitakiwi kuzidi mikrogramu 10 kwa kilo.

Na kaka akituma tena mwambie ayakaushe vizuri kabla ya kufunga, unyevu usizidi asilimia 13.5. Hana kipimo? Achukue chupa ya kioo iliyokauka, atie mahindi na chumvi kavu, atikise dakika kadhaa aache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa bado mabichi. Isipoganda yameshuka chini ya asilimia 15 hivi, bado jua kidogo. Huku kwetu na hili joto na fukuto la Dar, gunia usililaze sakafuni wala kuliegemeza ukutani, weka chaga. Mifuko ile isiyopitisha hewa ni mizuri sana kwa wadudu ila ukifungia mahindi mabichi humo umejifungia matatizo.

SWALI: Mtoto ana miezi 8, nampa uji wa lishe wa kununua mtaani, mahindi, karanga, soya, ulezi vyote humo. Nasikia karanga nazo zina hiyo sumu?
Mama Kijacho, Tandale

JIBU: Zinayo, tena mahindi na karanga ndo vinara, halafu mtoto kila siku anakunywa hichohicho. Watafiti wanaihusisha na udumavu. Unga wa kupimiwa kwenye ndoo hujui karanga zilichambuliwa au zilisagwa na zile zilizosinyaa. Nunua karanga nzima, chambua mwenyewe, yenye ukungu, iliyokunjamana au chungu tupa, saga kidogo kidogo za wiki moja mbili. Na sio lazima kila uji uwe na karanga, siku nyingine ulezi na maziwa, siku nyingine mpondee viazi na dagaa. Ukinunua wa paketi angalia alama ya TBS na tarehe, na ukishafungua usiuache juu ya friji miezi mitatu.