Nyumba ya baba tuliiongezea mara mbili

Wiki hii mmeuliza: familia ikipungukiwa nafasi, ni afadhali kuiongezea nyumba ya zamani ya wazazi au kujenga nyingine kabisa? Sisi nyumba ya baba, hapa Ng'ambo, Tabora, tuliiongezea mara mbili. Nyongeza ya kwanza tuliibomoa baada ya masika mawili. Ya pili ndiyo anayolala mama mpaka leo. Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, iongezeeni, ila ukuta mkongwe na ukuta mpya kila mmoja usimame kwa miguu yake. Sisi hatukulijua hilo, na kutolijua kulitugharimu.

Nyumba ya aina yetu wengi mnaifahamu hata kama hamjafika Tabora. Mbele baraza, katikati korido, vyumba vitatu kila upande, ukitokeza nyuma unaingia uani penye jiko, bomba, choo na mwembe. Baba alikuwa mtu wa reli. Aliijenga kwa vipande vipande, kila aliporudi kutoka zamu, kwa matofali mabichi aliyofyatua na wadogo zake, yakaungwa kwa udongo. Saruji mle ilikuwa sakafuni tu na kwenye plasta ya nje iliyopakwa miaka mingi baadaye. Milango na fremu zote ni mninga. Mchwa wamekula vingi katika nyumba ile: mikeka, kenchi mbili, hata bahasha iliyokuwa na vyeti vyangu vya shule ya msingi. Fremu za mninga hawajazigusa.

Mwaka 2015 mama alianguka usiku akienda choo. Kutoka mlango wa uani mpaka chooni ni hatua thelathini, usiku ule ulikuwa wa giza, na akavunjika mkono. Tukakaa kikao watoto wote watano, kaka mkubwa akiwa kwenye simu kutoka Dar es Salaam, tukakubaliana mama apate chumba chenye choo na bafu ndani. Kiangazi hicho hicho tukaita fundi.

Fundi yule alikuwa hodari wa nyumba mpya, na kuta zake zilinyooka kweli. Alichimba msingi ukigusana na ukuta wa nyuma wa baba. Akatoboa meno kwenye ukuta ule kila kozi ya tatu, yaani kila mstari wa tatu wa matofali, akachomeka matofali ya kuchoma ndani ya matofali mabichi ili kuta zishikane. Lenta nayo, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha, akaipitisha, nondo zikaingia ndani kabisa ya ukuta wa zamani. Sisi tukatazama tukaridhika. Nani angekataa kuta zishikane?

Mvua za Tabora huanza Novemba hivi na kukoma Aprili. Januari mama akanipigia akaniambia ukuta unaongea usiku. Nilidhani ni panya. Nilipofika nikaona juu ya mlango wa uani mstari mwembamba, kama umechorwa kwa penseli, na chini yake, nyuma ya kabati, vumbi la udongo limejikusanya kama pishi ya unga. Masika ya pili sarafu ya shilingi mia ilisimama ndani ya ufa ule bila kushikwa. Ufa haukushuka wima. Ulishuka ngazi ngazi, ukifuata maungio ya matofali ya baba, kutoka kwenye lenta mpaka karibu na sakafu. Upande wa chumba kipya hapakuwa na hata mkwaruzo. Aliyekuwa anapasuka ni mkongwe.

Tulimleta fundi mwashi mzee, mtu aliyejenga nyumba za udongo tangu ujana wake. Hakugusa mwiko. Aliomba jembe, akachimba kidogo pembeni pale kuta mbili zilipokutana, akaingiza kidole gumba kwenye udongo wa kila upande. Akauliza nyumba ina umri gani. Nilipomjibu akasema, "Huyu mzee ameshakaa kitako, dada. Huyu mgeni wenu ndiyo kwanza anatafuta pa kukalia. Na nyinyi mmewafunga kamba moja."

Nyumba yoyote mpya hukaa. Udongo chini ya msingi unabanwa na uzito, na masika ya kwanza ndiyo yanayobana zaidi kwa sababu maji yanaulainisha. Udongo chini ya nyumba ya baba ulibanwa zamani, ukamaliza. Chumba kipya kiliposhuka, kiasi kidogo tu ambacho jicho halioni, kilimvuta mwenzake kwa yale meno na zile nondo. Tofali bichi linavumilia sana kubebeshwa, lakini halivumilii kuvutwa. Juu ya hilo, mtaro wa msingi mpya ulikwenda chini kuliko msingi wa zamani, tena urefu wote wa ukuta kwa siku moja, ukakaa wazi karibu wiki. Udongo uliobeba msingi wa baba ulipoteza pa kuegemea. Mzee alisema mvua moja ya ghafla siku zile ingeangusha ukuta, na mama alikuwa amelala upande wa pili.

Kulikuwa na makosa mengine ambayo mama alikuwa ameyaona kabla yetu, na hatukumwuliza. Chumba kilikaa katikati ya uani. Mlango wa nyuma ukawa unatazamana na ukuta, upepo uliokuwa ukiingia barazani na kutokea uani ukakatika, korido ikawa na joto na giza mchana kutwa. Mama alikuwa akikaa chini ya mwembe asubuhi kuchambua mboga na kuamkiana na kila anayepita kwenye kichochoro. Aliacha. Sakafu ya chumba kipya nayo ilikuwa juu ya ile ya zamani kwa kimo cha tofali moja, maana fundi alipimia kutoka nje na si kutoka ndani. Tumemjengea mtu aliyevunjika mkono kwa kuanguka, halafu tukamwekea kizingiti cha kujikwaa akienda chooni usiku. Hili ndilo linaloniuma kuliko fedha.

Tulibomoa Agosti 2017. Matofali mengi tuliyaokoa.

Mara ya pili mzee yule hakutaka kuanza na ramani. Alikaa uani siku mbili akimtazama mama anapita wapi, anakaa wapi, jua linamfuata wapi. Kisha akasema chumba kiende ubavuni, upande wa mashariki, ambako kiwanja kilikuwa na nafasi ya kutosha hata baada ya kuacha umbali na jirani. Uani pasiguswe. Na kisigusane na nyumba: pawe na kipito cha mita moja na nusu chenye paa lake.

Mlango wa kuingilia kwenye kipito tuliupata bila kuijeruhi nyumba ya baba tena. Chumba cha katikati upande ule kilikuwa na dirisha la upana wa futi tatu. Fundi alikata ukuta chini ya dirisha tu, kwenda mpaka sakafuni, bila kupanua pembeni hata inchi. Kwa namna hiyo mhimili wa mninga aliouweka baba juu ya dirisha ulibaki pale pale, ukibeba mzigo ule ule. Kama unahitaji mlango kwenye ukuta wa udongo, tafuta dirisha kwanza.

Usawa wa sakafu aliupima kwa mpira wa maji, ule mpira mwangavu. Upande mmoja aliushika mama mwenyewe, ameketi kwenye kigoda ndani ya chumba cha zamani, jicho likiwa kwenye alama ya penseli ukutani. Mpira ukapita dirishani mpaka kwenye vigingi nje. Fundi akiinua na kushusha, mama akawa anapaza sauti, "Bado! Bado! Yamefika!" Kigingi kikapigwa. Leo unatoka chumba cha zamani, unavuka kipito, unafika bafuni, na mguu hauinuki popote.

Msingi ulijengwa mwisho wa Septemba 2017, mbali na ukuta wa baba. Mashimo mawili tu ya nguzo za kipito yaliukaribia, nayo yalichimbwa moja moja, kila moja likajazwa siku hiyo hiyo. Kisha mzee akatuaga. Msingi ulale masika yote, alisema, ushuke unavyotaka kushuka kabla haujabebeshwa kuta. Ndugu zangu walinung'unika. Miezi saba matofali yamepangwa chini ya turubai, mama analala kwa dada yangu kule Cheyo, na mtaani watu wanauliza kama fedha imetuishia. Mimi pia uvumilivu ulikuwa unanishinda, ila nilikuwa nimeuona ule ufa. Mei 2018 alirudi, akaukagua msingi kwa kamba na pimamaji, kona moja ilikuwa imeshuka kidogo akaisawazisha, ndipo akapandisha kuta. Tulipaua Julai.

Pale paa la kipito linapokutana na nyumba ya baba hakuna hata msumari mmoja ulioingia kwenye kenchi za zamani. Mabati ya zamani yananing'inia juu, ya kipito yamepita chini yake, maji yanamwagikia kwenye mteremko na kwenda kwenye gata. Nafasi kati ya ukuta wa kipito na ukuta wa baba ni sentimita mbili. Imejazwa kamba ya katani iliyochovywa lami, na juu yake ubao wa mninga, uliofungwa kwa skrubu upande mpya peke yake. Upande wa pili ubao umegusa tu. Kuta zikisogea, kila moja kwa wakati wake, hazivutani. Kila Mei nafungua skrubu naangalia. Upana ni ule ule.

Kuhusu karatasi sina mengi, lakini msiziruke. Kiwanja kilikuwa bado kwa jina la marehemu baba, na kibali cha ujenzi cha manispaa kinahitajika hata kwa nyongeza. Ikabidi turudi nyuma: kikao cha familia chenye muhtasari, kisha Mahakama ya Mwanzo iteue msimamizi wa mirathi, ndipo maombi ya kibali yaende. Katika muhtasari ule tuliandika pia nani ametoa kiasi gani na kwamba kutoa hakumfanyi mtu kuwa mwenye nyumba kuliko wenzake. Mimi ndiye niliyetoa kingi, na mimi ndiye niliyetaka sentensi hiyo iandikwe. Nimeshaona familia mbili mtaani kwetu zikifikishana mahakamani kwa sababu ya chumba kimoja cha uani.

Kuna msomaji wenu mmoja aliyejibu kwamba nyumba za udongo hazifai kuongezewa, zivunjwe tu. Simkubalii. Nyumba ya baba imesimama kwa sababu kuta zake ni nene, paa lake limetokeza nje vya kutosha, na mchana wa Oktoba, jua la Tabora likiwa kali kupita miezi yote, ndani yake unaweza kulala usingizi. Chumba kipya cha matofali ya kuchoma hakiiwezi kwa ubaridi, na mama mwenyewe saa saba mchana hurudi kwenye chumba chake cha zamani. Kinachoziua nyumba hizi mara nyingi ni hisani yetu. Tunazipaka plasta ya saruji ili zipendeze. Gonga plasta hiyo kwa kifundo cha kidole: ikilia kama debe, imeshaachana na ukuta. Unyevu unaopanda kutoka ardhini zamani ulitokea kwenye udongo na kukauka kwa upepo. Sasa umezibiwa njia, unakaa nyuma ya saruji, na tofali linageuka tope taratibu bila mtu kuona. Tulipobandua kipande cha kwanza, mwaka 2019, kozi mbili za chini zilitoka kwa kijiko.

Tangu hapo kila kiangazi tunashughulika na ukuta mmoja. Tunabandua saruji, tunaacha ukuta ukauke wiki tatu, tunaziba mapengo kwa matofali mabichi mapya, kisha tunapaka udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga, na chokaa kidogo kwa tabaka la juu. Umebaki ukuta wa magharibi, ambao ndio unaopigwa na mvua za upepo, na kazi yake itakuwa kubwa. Mzee fundi sasa macho yamepungua. Atakaa kwenye kigoda akituelekeza, na mjukuu wake ndiye atakayeshika mwiko. Udongo umeshaletwa matoroli sita, umerundikwa chini ya mwembe, na mama ameufunika turubai ili kuku wasiuchakure.