Ng'ombe ameshiba, maziwa hayaongezeki

Ng'ombe wangu anakula matete mpaka anashiba, lakini hazidi lita 6 kwa siku. Nimwongezee pumba?

Subiri kwanza, tazama matete yenyewe. Yakikomaa, shina huwa gumu, protini hupungua, na ng'ombe hujaza tumbo kwa nyuzi tu. Yavune yakiwa na kimo cha mita 1 hivi, kwa kawaida wiki 6 hadi 8 tangu mkato uliopita, kisha uyakatekate vipande vya sentimita 2 au 3. Yakiwa marefu atachagua majani na kuyaacha mashina horini. Ng'ombe wa kilo 400 huhitaji takriban kilo 12 za chakula kikavu kwa siku. Kwa kuwa matete mabichi ni maji kwa sehemu kubwa, hizo ni kilo 60 hadi 70 za kupima kwa mizani, si kwa kukadiria mafungu. Na maji je? Lita 60 hadi 80, yasikauke mbele yake hata usiku. Anayenyweshwa mara mbili tu kwa siku, pumba haitamsaidia sana.

Nilimpa kilo 6 za chakula cha dukani kwa mkupuo. Akaharisha, akagoma kula. Je, nimeuziwa kibovu?

Si lazima. Wanga mwingi ukiingia ghafla, tumbo la kwanza hujaa asidi na vijidudu vinavyomeng'enya majani hufa. Acha chakula hicho, mpe nyasi kavu. Akilala asiinuke, ita daktari wa mifugo mara moja. Akishapona, anza na kilo 1 na uongeze nusu kilo kila baada ya siku 2 au 3, ukigawa asubuhi na jioni. Kipimo cha kawaida ni kilo 1 kwa kila lita 2 za maziwa zinazozidi lita 7 za mwanzo, ambazo majani mazuri huzimudu yenyewe.

Sileji (majani mabichi yaliyoshindiliwa na kufungiwa hewa isiingie) imeota ukungu. Nimpe mtamba badala ya kuitupa?

Itupe. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, humdhuru mtamba, na kwa anayekamuliwa hupita hadi kwenye maziwa. Ukungu maana yake hewa iliingia: vipande vilikuwa virefu, ulishindilia juu juu, au panya ametoboa nailoni.

Lusina, ule mti wa malisho, inaweza kuchukua nafasi ya mashudu?

Kwa kiasi, ndiyo. Isizidi theluthi ya majani anayokula, maana ina sumu iitwayo mimosini, na ikizidi nywele hunyonyoka.