Kilo 16 nilizozificha

Swali la gazeti lenu kwa wasomaji wiki hii lilikuwa: "Ni kitu gani ulidhani umeachana nacho, kikarudi? Ulikipokeaje?" Nililisoma nikiwa kwenye cherehani, nikaacha kushona. Kwangu kilichorudi ni uzito, tena baada ya upasuaji, baada ya kaka yangu kutoa fedha zake. Nilikipokea vibaya sana, ndiyo maana naandika.

Mimi ni fundi wa nguo za kike hapa Tanga, Ngamiani. Aprili 2019 nilikwenda Chennai, India, nikapunguzwa mfuko wa chakula. Nilikuwa na kilo 118 na urefu wa sentimita 160. Sukari ilikuwa haishuki, presha nameza vidonge viwili kwa siku, magoti yananikatalia hata kupanda ngazi za msikitini. Sehemu kubwa ya gharama aliitoa kaka yangu anayefanya kazi Muscat, iliyobaki nikauza kiwanja.

Mtaani wanasema "kakatwa utumbo", lakini kwa upasuaji wangu utumbo haukuguswa. Linaloondolewa ni fungu kubwa la mfuko wa chakula, kama robo tatu au zaidi kidogo, unabaki mfuko mwembamba wenye umbo la ndizi. Fungu hilo ndilo linalotoa kwa wingi homoni ya njaa inayoitwa ghrelini, kwa hiyo miezi ya mwanzo unaweza kusimama mbele ya mama anayekaanga vitumbua, tumbo likatulia kana kwamba halijawahi kujua kitumbua ni nini. Nilipungua haraka. Oktoba 2020 mizani ikanionyesha 80. Dawa ya sukari niliondolewa, nikarudi kwenye baiskeli, na wanaoijua Tanga wanaelewa maana ya mwanamke wa hapa kurudi kwenye baiskeli.

Hapa niseme jambo la kazi yangu. Fundi akibana nguo hakati kitambaa kinachobaki ndani. Anaacha akiba ya vidole viwili kwenye mshono, kwa sababu mwili wa mtu hubadilika na kesho ataileta nguo uiachie. Wasichana ninaowafundisha huwaambia hivyo siku ya kwanza. Lakini mwisho wa mwaka ule nilichukua magauni yangu saba, nikayabana, kisha nikakata kitambaa chote cha ziada kwa mkasi na kuvifagia vile vipande. Nilikuwa na hakika. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba uzito wa chini kabisa unaoufikia baada ya upasuaji, mara nyingi sio utakaokaa nao.

Uzito ulianza kurudi kimyakimya. Mwisho wa 2021 nilikuwa na kilo 83, na siku nilipoona 84 niliisukuma mizani chini ya kitanda, nyuma ya sanduku, isinione nami nisiione. Kaka akipiga simu ya video kutoka Muscat naiweka simu juu, uso tu uonekane. Nikiulizwa naendeleaje, najibu "salama". Hata vidonge vya vitamini, ambavyo niliagizwa nimeze maisha yangu yote, niliviacha. Nilijiambia, kama upasuaji wenyewe umeshindwa, vidonge vya nini?

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba watu walinipongeza. Nilipokonda mwaka 2019 walinong'ona sana juu yangu. Kuna waliosema nimekanyaga waya, yaani nina virusi vya UKIMWI, na mteja wangu wa miaka mingi alihamia kwa fundi mwingine, nikaja kujua baadaye kwamba aliogopa nitamwambukiza kwa pini. Msibani kila aliyeniona alisema, "Umekwisha wewe, kula!" Sasa kilo zikirudi, nyuso zikafurahi. Kwenye arusi ya mpwa wangu, Agosti 2023, shangazi alinishika mashavu mbele ya watu akasema, "Alhamdulillahi, sasa umerudi mtu." Kisha akacheka na kuongeza, "Si wanasema, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani?" Hakuwa na nia mbaya. Kwa watu wetu unene ni afya na raha ya nyumbani, na kukonda ni ugonjwa au shida. Lakini nilikuwa nimekwenda kwenye arusi ile na dera la kuazima, kwa sababu usiku wa kuamkia siku hiyo gauni langu lilikataa kufunga zipu. Saa sita usiku nililigeuza nje ndani, nikapitisha vidole kwenye mshono wa ubavuni nikitafuta kitambaa cha kuachia. Hakikuwepo hata cha kidole kimoja. Nililia kwa sauti mpaka mume wangu akaamka.

Yeye ndiye aliyenipeleka kliniki Dar es Salaam, Novemba ile. Sikwenda kwa ajili ya kilo, nilikwenda kwa sababu miguu ilikuwa inakufa ganzi na nachoka kama mtu aliyelima. Mizani ya kule ikasema 96. Damu ikaonyesha upungufu wa vitamini B12 na madini ya chuma, na sukari ya kabla ya kula ilikuwa imefika 7.3. Ganzi ile ilitokana na upungufu wa B12. Yaani kilo hazikuwa zimenifanya lolote baya kama lile nililojifanyia mwenyewe kwa kujificha.

Nilijiandaa kugombezwa. Daktari aliuliza tu uzito ulianza kupanda lini. Nikamwambia. Akaniuliza, "Mbona hukuja ulipokuwa 83?" Nikasema niliona aibu. Akasema, "Basi hizi 13 nyingine kakuongezea aibu." Kama ningekuwa na nafasi ya kuandika sentensi moja tu kwenye gazeti lenu, ningeandika hiyo ya kwake.

Kisha alinieleza mambo ambayo ningepaswa kuyajua kabla sijapanda ndege. Uswidi walianza mwaka 1987 kuwafuatilia watu waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, na matokeo makubwa yakachapishwa 2007. Waliofanyiwa baipasi, ambayo si aina yangu (mfuko hufanywa mdogo sana na kuunganishwa na utumbo mbele zaidi), ndani ya mwaka mmoja au miwili walikuwa wamepungua kwa wastani wa asilimia 32 ya uzito wao. Kufika mwaka wa kumi walikuwa chini kwa asilimia 25. Maana yake walirudisha kiasi, kisha wakatulia, na bado walikuwa mbali sana na walikotoka. Mwili uliopungua hutumia nguvu kidogo kuliko zamani, na njaa nayo hurudi polepole. Alinitajia utafiti wa 2016 uliowapima Wamarekani 14 walioshiriki mashindano ya kupunguza uzito kwenye televisheni. Hao hawakupasuliwa, ni mazoezi na chakula tu. Miaka sita baadaye miili yao ilikuwa bado inachoma kama kalori 500 kwa siku pungufu ya inavyotarajiwa. Kalori 500 ni kama sahani ya wali na maharage. Nilikaa kwenye kile kiti nikafikiria miaka miwili niliyojiita mlafi.

Lakini hakuniacha niulaumu mwili peke yake. Mtaalamu wa lishe alinitaka nitaje kila kinachopita mdomoni kutoka alfajiri, nami nisiseme "chakula" tu. Sahani zangu zilikuwa ndogo kweli. Tatizo lilikuwa chai. Fundi anashona na kikombe pembeni: chai ya maziwa vikombe sita kwa siku, vijiko vitatu vya sukari kila kimoja. Alipokiandika kijiko cha 18 niliangalia karatasi ile kama bili ya umeme. Juu yake kuna kudokoa: kashata moja, tende tatu, korosho za mteja aliyetoka Lindi. Mfuko mdogo huzuia ugali. Kinachoteleza hauwezi kukizuia, kinapita tu, unakunywa tena. Nilikuwa pia nakunywa katikati ya kula, jambo ambalo aliniambia linaweza kusukuma chakula chini upesi na kukunyima shibe.

Waliangalia na mengine ambayo sikuwahi kuyafikiria. Walipima tezi ya shingo. Walipitisha kamera mdomoni kuona kama mfuko umetanuka, wakakuta si sana. Na waliniuliza dawa ninazotumia, nikataja sindano ya uzazi wa mpango ya kila miezi mitatu. Kwa baadhi ya wanawake sindano hiyo huongeza uzito, na mimi nilikuwa naichoma tangu 2021. Tulibadilisha njia. Ninamsihi kila dada anayesoma hapa ataje dawa zake zote kwa daktari, hata ile anayodhani haihusiki.

Kuhusu sindano za semaglutide, dawa ya kupunguza hamu ya kula ambayo kila mtu anaiulizia sasa: nilielezwa kwamba zinatumika pia kwa waliopasuliwa uzito ukawarudia, unachoma mara moja kwa wiki, na ukiacha uzito huelekea kurudi. Nilipiga hesabu ya bei na nguo ninazoshona kwa mwezi, nikaona siwezi kuidumisha. Rafiki yangu wa kliniki anazitumia na zimemsaidia, sioni kwa nini mtu amwone mvivu. Upasuaji wa pili, wa kuugeuza mfuko wangu kuwa baipasi, daktari aliuweka mwisho kabisa na mimi niliridhika.

Kwa hiyo ninafanya nini? Kwenye sahani naanza na samaki, mayai, dagaa au choroko, wali unakuja mwisho kama kuna nafasi, na mara nyingi haipo. Maji na chai ni nusu saa baada ya kula. Chai ya kazini ni ya rangi, ina tangawizi, haina sukari, na wiki tatu za mwanzo kichwa kiliniuma kweli. Vidonge vinakaa ndani ya kopo la vifungo, kwa sababu kopo hilo nalifungua kila siku. Baiskeli hadi Raskazone na kurudi, siku nne kwa wiki. Mizani imetoka chini ya kitanda, napima Jumatatu asubuhi tu. Na tumekubaliana na kliniki: ikipanda kilo mbili na zikakaa mwezi mzima, napiga simu. Sisubiri zifike kumi.

Leo nina kilo 88. Mwaka mzima sasa nimekaa hapo. Sukari ni 6.1, presha nameza kidonge kimoja. Zile 80 huenda nisizione tena, na nilipoulizwa kliniki kama hilo linaniuma nilisema ndiyo, kwa sababu ni kweli. Linaniuma kidogo kila nikipita kwenye kioo cha kiwandani. Lakini halinifanyi tena nimkimbie daktari.

Kuna jambo linanikera, naomba mnipe nafasi nilitoe. Hospitali iliyonifanyia ilinirudisha nyumbani na faili na namba ya simu. Nilitakiwa kurudi Aprili 2020, na ndege zilikuwa zimefungwa kwa ajili ya korona. Baada ya hapo hakuna aliyenitafuta. Upasuaji huu ni saa moja au mbili za daktari na miaka yote iliyobaki ya kufuatiliwa, na ile miaka ndiyo hawakutueleza. Anayejiandaa kwenda nje leo, kabla hajanunua tiketi, amtafute hapa nyumbani daktari na mtaalamu wa lishe watakaompokea akirudi. Hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, wanatoa huduma hizi, na ziko kliniki nyingine. Uliza mapema nani atakupima damu mwaka wa pili, wa tatu na wa tano.

Kaka nilimwambia mwaka jana. Niliishusha simu mpaka kiunoni, anione wote. Alinyamaza, halafu akauliza, "Na sukari?" Nikamtajia. Akasema, "Mimi nilichokuwa natazama ni hicho." Miaka yote ile nilikuwa nimempangia hasira ambayo hakuwa nayo.

Shangazi nilimwacha mwisho kwa sababu yeye ndiye niliyemwogopa zaidi. Mwezi uliopita nilikwenda kwake mchana, akatandika mkeka, akaleta sahani na kunimiminia chai ya maziwa kabla sijakaa. Nikamweleza yote, tangu kilo 118. Nikamwambia kwamba siku ile ya arusi, alipokuwa anamshukuru Mungu, mimi nilikuwa nabana meno nisilie. Alinisikiliza hadi mwisho na safari hii hakutafuta methali. Aliuliza tu, "Kwa hiyo mwanangu, chai unakunywa kabla ya kula au baada?" Nikasema baada, nusu saa, na ya rangi. Akakichukua kikombe changu, akaimimina chai ile tena kwenye chupa, akafunga kifuniko, kisha akanisogezea samaki.

Msomaji wenu, fundi cherehani,
Ngamiani, Tanga