Ulichoniuliza juu ya PhD ya theolojia

Mwende mwanangu,

Voisi yako imenifikia nikiwa kwa kisiagi, na ile kelele ya mashine sikusikia kitu mpaka nikafika nyumbani. Eti ukisoma theolojia hadi PhD utakuwa nani hasa, maana wenzako kazini wanakucheka wanasema utakuwa tu pasta aliyechelewa kuhitimu. Nimecheka pia, nisamehe.

Sasa ngoja nikuambie habari za Profesa John Mbiti, mwanatheolojia, mtu wa hapa tu Mulango, Kitui, alizaliwa 1931. Makerere akasoma, Marekani akaenda, Cambridge akapata udaktari 1963, hiyo sehemu kila mtu huisimulia kwa hiyo siikalii. Mi kinachonigusa ni alichobeba kwenda huko. Alibeba swali la Wakamba: hawa watu wakihubiriwa mwisho wa dunia na mmishenari, wao wanaelewa nini? Ni swali la nyanya yako kabisa, lile alikuwa anauliza tukitoka kanisani, na mtu akalifanyia PhD!

Akarudi akafundisha Makerere miaka kumi kuanzia 1964, na kile kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika kilitokana na mihadhara yake ya darasani. Ina maana darasa lilitangulia kitabu, usidhani ni profesa alijifungia mahali akaandika kwanza.

Sijui kama nimewahi kukuambia hii. Nikiwa chuo cha biblia (sikitaji) niliandika insha juu ya vile nyanya alikuwa akimwaga uji kidogo chini kabla hajaonja, nikaeleza anamkumbuka nani na nani. Lekcha akarudisha karatasi na neno moja kwa kalamu nyekundu, UPAGANI, na alama 9 kwa 30. Niliiwashia jiko ile karatasi. Halafu baadaye rafiki akaniazima hicho kitabu cha Mbiti, hakina gamba, nafungua katikati naona Kiingereza Kiingereza alafu katikati yake Sasa na Zamani, maneno yetu yameandikwa vile vile, eti ndo ya kuelezea Mwafrika anavyohesabu wakati. Nilisoma mpaka taa ikaisha mafuta.

Na si ati nakubali kila kitu. Alisema kwa mawazo ya jadi wakati ujao haufiki mbali, labda miaka miwili basi. Hapo nakataa, nyanya yako alipanda miembe akiwa hana hata jino la kung'ata embe. Wasomi wenzake pia walimpinga juu ya huo wakati, na Okot p'Bitek, mshairi na msomi wa Uganda, alilalamika kwamba akina Mbiti wanamvika Mungu wa Waafrika nguo za Kigiriki, yaani wanamweleza kwa mawazo ya kigeni. Ukiingia huko nawe utapigwa hivyo hivyo, ujue.

Kuhusu hao wanaokucheka, 1974 Mbiti alienda Uswisi kuongoza taasisi ya Baraza la Makanisa Ulimwenguni pale Bossey, halafu akawa pasta wa parokia Burgdorf huku anafundisha chuo kikuu cha Bern. Pasta na profesa kwa wakati mmoja, kwa hiyo waambie hata hawajakutukana.

Kisha akiwa amepita miaka 80 akatoa Agano Jipya kwa Kikamba, 2014, amelitafsiri kutoka Kigiriki mwenyewe, miaka mitano tu kabla afariki. Kwa hiyo hicho Kigiriki unachotaka kukwepa, usikikwepe. Ukinyimwa skolashipu tutaongea na baba yako juu ya karo ya mwaka wa kwanza, tuma karatasi yao nione wanataka ngapi na lini.

Kitabu kisicho na gamba kiko kwa kabati, ukija usikibebe, bado nakisoma.

Mamako