Picha ya yangeyange Mikindani: wakosoaji unawajibu vipi?

Mkuu, umeuliza uwajibu vipi waliokosoa picha yako ya yangeyange, yule ndege mweupe wa majini, kwenye mikoko ya Mikindani, Mtwara. Mmoja kasema picha imelala upande, mwingine kasema ndege kaungua kwa mwanga, wa tatu kakwambia ununue lenzi kubwa, waliobaki wameandika tu "kali sana". Na umeshaanza kuwaeleza ulivyozama kwenye tope. Hiyo ya tope iache. Napiga picha za ndege kuanzia Mikindani mpaka Msimbati, na sijaona maelezo ya shida zangu yakimbadilisha mtu macho.

Anza na aliyesema imelala, huyo ndiye mwenye hoja tamu. Mstari anaoulalamikia si upeo wa bahari, ni ufuko wa ng'ambo ya ghuba, nao kwa kushoto unakuja ukikusogelea. Mstari wa namna hiyo huonekana umeinama hata kamera ikiwa imenyooka kabisa. Kipimo kiko majini: tazama ncha ya tawi la mkoko na taswira yake. Zikipangana wima, moja juu ya nyingine, kamera haikupinda. Zako zimepangana. Ungekuwa Msimbati unatazama bahari kuu, mstari ungekuwa upeo wenyewe, mjadala usingekuwepo. Kwa hiyo sababu kaikosea, lakini jicho lake kweli lilikwama pale, na hilo humbishii. Mweleze habari ya ghuba, halafu muulize kama kero inaisha ukikata ile sehemu ya juu. Mimi mtu akinionyesha panapomkera namwamini. Dawa anayoniandikia ndiyo naipima kwanza.

Wa mwanga yuko sahihi, mkubalie kwa sentensi moja. Kamera iliona mikoko na tope jeusi, ikaongeza mwanga, ndege mweupe akageuka karatasi. Mgongoni hauonekani hata unyoya mmoja, na hakuna programu itakayourudisha. Kwa simu, gusa ndege kwenye kioo kisha vuta alama ya jua chini mpaka manyoya yaanze kujitenga. Mikoko itakuwa myeusi, acha iwe, giza unaweza kulifungua kidogo baadaye. Hili linakudai urudi, na kurudi kuna hesabu yake: saa ya maji kupwa husogea mbele kama dakika 50 kila siku. Ukitaka maji yapwe kama siku ile, jua likiwa palepale, subiri kama wiki mbili.

Wa lenzi mshukuru, basi. Bei ya lenzi anayoisema ni korosho za msimu mzima.

Hao wa "kali sana" usiwapuuze. Chagua mmoja umuulize: jicho lako lilianzia wapi, likaishia wapi? Wasiojua kamera hujibu vizuri kuliko sisi. Niliwahi kumwonyesha mvuvi mmoja picha yangu ya ndege huyu huyu, akauliza miguu iko wapi, wakati ndiyo anayotafutia chakula. Na kweli: yangeyange wa pwani ana miguu myeusi na nyayo za njano, hutikisa unyayo mmoja topeni ili kamba na visamaki vishtuke, kisha anadonoa. Wapiga picha wenzangu walikuwa wamejadili mwanga tu, hakuna aliyeuliza ndege alikuwa anafanya nini.

Yako nayo umeikata miguuni. Sijui ulikata baadaye au ulipiga hivyo, ila kama ile nzima bado unayo, iweke chini ya hii. Usiifute ya kwanza wala kuibadilisha, maana anayekuja kesho atasoma maoni yasiyolingana na anachokiona. Na ukiiweka, andika kwa mstari mmoja tu ulitaka tuone nini, ndege au mikoko. Mimi mpaka sasa nabahatisha.